Kidole Kilichojipa Likizo

Kidole changu cha shahada hakina haya hata kidogo. Draya ya kukaushia nywele ilidondoka, nikaidaka kama mjinga, kikatoka kwenye kiungo na kukaa upande. Daktari alikirudisha kwa mvuto mmoja, nikapiga yowe mtaa mzima ukasikia. Bendeji ilipotolewa aliniambia, "Sasa kikunje. Kila siku, hata kikiuma. Usipokikunja, kitakakamaa."

Nani akikunje? Mimi niliona kitachomoka tena. Nikajifundisha kusuka kwa gumba na kidole cha kati, cha shahada kimenyooka juu kama bwana mkubwa anayesimamia wenzake. Saluni ni ya dada yangu, tumbo moja, na nilidhani haoni.

Asubuhi moja mteja wetu wa miaka yote akaingia kajitanda kitambaa. Alipokivua, loh! Misuko yangu ilikuwa imelegea, mingine imefumuka kabisa. Hakunitazama. Akaenda moja kwa moja kukaa kwa msusi mpya, yule dada aliyemwajiri nilipokuwa na bendeji.

Dada aliacha kufagia. Akaja akakaa kwenye kiti changu, mgongo kwangu.

"Nisuke."

"Dada, wateja je?"

"Nisuke, mdogo wangu. Ikilegea, kiti hiki nampa msusi mpya, wewe utabaki kuosha vichwa. Sitafunga saluni kwa ajili ya kidole."

Maneno yale yalinichoma. Kusuka ndiyo kazi pekee niijuayo. Tulijifunza kwa kusukana sisi wawili, mama akiwa hai. Nilitaka kulia, nikaona bora ninune. Dada akachukua plasta, akakifunga kidole changu pamoja na cha kati, kimoja kikienda na kingine kiende.

"Mtegemea cha nduguye hufa maskini," akakiambia kidole. "Umekula jasho la mwenzako vya kutosha."

Nikachana, nikagawa mstari. Kila nilipokikunja, maumivu yalipanda hadi kwenye kiwiko. Kwenye kioo, macho ya dada hayakutoka mkononi mwangu.

"Unakinyoosha."

"Kinauma!"

"Najua kinauma. Kikunje."

Msuko wa kwanza ulilegea. Akaufumua mwenyewe. Wa pili, akaufumua. Jasho lilinitiririka mgongoni. Msusi mpya naye kasimamisha kazi, ananikodolea macho mimi na kiti changu, nikatamani kumrushia kitana. Hasira zikanipanda, kusema kweli, na woga ukakosa pa kukaa. Nikazishika nywele, nikakikunja kidole kwa nguvu zote.

Kikalia, ta! ndani ya kiungo.

Nikasubiri kichomoke, nimebana pumzi. Hakikuchomoka. Kilikuwa kimezibana nywele vilevile, kimekunjika. Nikavuta, nikasuka, nikavuta tena mpaka mwisho.

"Aah! Unaniumiza!"

Dada alishika kichwa. Vidole vyake vikaupapasa ule msuko kuanzia kwenye paji la uso hadi kisogoni, vikajaribu kuufumua, vikashindwa. Vikajaribu tena. Kwenye kioo nikaona machozi yamemlengalenga.

"Pole, dada," nikasema. "Nilegeze?"

"Thubutu!" akasema. "Suka."