Maua Aliyopandiwa Hetutu

Ligi alisema anakwenda ng'ambo, Auckland, kutengenezwa magoti na kwamba baada ya miezi mitatu atakuwa amerudi. Asubuhi ya safari alitoka nyumbani kwake akiwa ameshavaa gauni la kanisani, kashika kopo lenye vipande vya mmea, akaniita nivuke barabara nimsaidie kupanda. Kuinama alikuwa hawezi tena. Basi mimi ndiye niliyepiga magoti kando ya kaburi la mumewe Hetutu nikachimba, na yeye kanisimamia kichwani.

"Hapo, Moka. Sogea kidogo. Mbona unachimba kama unazika nguruwe?"

"Njoo uchimbe mwenyewe basi, bibi harusi."

"Ningekuwa na magoti ningekuita wewe?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Utayamwagilia maji?"

"Nitayamwagilia."

"Mpaka yashike tu. Yakishashika hayana taabu."

Vipande vile alivipata kwenye bustani ya nyumba ya wageni kule mjini. Maua madogo ya njano, majani ya kijani kinachong'aa, mmea wa kutambaa. Wanawake wa kisiwa kizima walikuwa wakiomba kipande, na mimi niliona wivu kidogo kwamba Hetutu, aliyekuwa hajui hata kufagia uwanja, ndiye anayepata.

Nyumba ya Ligi inatazamana na yangu, na kaburi la Hetutu liko mbele ya nyumba, ukingoni mwa barabara, kama yalivyo makaburi yetu yote. Hapo zamani jioni tulikuwa tunapigiana kelele kutoka baraza hadi baraza: nani kapata kaa wa minazi, nani kagombana na mke wa mchungaji. Nyumba nyingine za upande huu wa kijiji zilishafungwa. Mbili zilipoteza mapaa kwenye kimbunga na hakuna aliyekuja kuyarudisha. Wenyewe wako Auckland, wanapiga simu Krismasi na kutuuliza kama bado tuna joto.

Ndege ikija, kila mtu hapa huenda uwanjani, hata asiye na mgeni. Mimi nilikuwa na wa kumngoja. Nilisimama kwenye uzio nikitazama magoti ya watu wanaoshuka ngazi. Miezi mitatu ikapita, ukapita mwaka, na mwingine, na mwingine. Ligi alisema daktari bado, kisha akasema baridi imemkamata, kisha mjukuu kazaliwa. Nikawa namtumia magimbi na papai vilivyookwa kwa tui, na kaa mmoja mnene, kwa mkono wa yeyote anayepanda ndege. Sikukasirika. Ninayekasirika haraka namna hii, kwake sikukasirika, na hilo lingetosha kunifungua macho kwamba moyoni nilishajua harudi.

Maua nayo yalikuwa hayana habari na magoti ya mtu. Yalishika, yakafunika kaburi, yakateremka kwenye mawe ya matumbawe, yakajaza uwanja, yakapanda ngazi za baraza lake. Kila shina linapogusa ardhi linatoa mizizi. Nilipofyeka kwa mashine, kila kipande kilichoruka kikaota kilipoangukia. Siku moja nikayaona upande wangu wa barabara. Baada ya mvua za mwaka uliofuata yalikuwa kwenye shamba langu la magimbi.

Hapo ndipo alipokuja Lapati wa ofisi ya kilimo, jitu zima lenye kitambi, bomba la dawa mgongoni.

"Shangazi, haya magugu yamemaliza shamba la watu kule kaskazini. Niruhusu nianzie pale kwenye kaburi, ndipo yanapotokea."

"Hayo si magugu, ni maua ya Ligi. Akirudi ataamua mwenyewe."

"Anarudi lini?"

"Wewe ni idara ya uhamiaji?"

"Nauliza tu, Shangazi. Na magimbi yako je?"

"Magimbi yangu yanakuhusu nini? Umekuja kula?"

Akaondoka akitikisa kichwa. Nilimwona anasimama barabarani akitazama ile nyumba iliyofungwa, halafu akanitazama mimi, na ule mtazamo wa huruma ulinichoma kuliko maneno yake. Nilitamani kumrushia ndala.

Lakini siku ya kuchimba magimbi ya karamu ya kanisa nilitoa vitu kama ngumi ya mtoto. Nikachimba mstari mzima na kikapu hakikujaa. Wanawake wenzangu waliniambia haidhuru, wakaniongezea ya kwao, na mimi nikala karamu ile nimeinamisha kichwa kwa aibu. Niliporudi nyumbani nikampigia Ligi. Nia yangu ilikuwa kumwomba ruhusa ya kuyang'oa maua.

Akatokea kwenye simu amevaa koti, yuko jikoni kwa binti yake. Nilimwona anatoka mezani na kwenda dirishani, anatembea vizuri, hashiki kitu.

"Magoti yamepona," nikasema.

"Yalipona zamani. Natembea mpaka sokoni."

"Basi si urudi."

Akavuta pazia la dirisha, akalirudisha.

"Watoto wameninunulia kiwanja, Moka. Cha kuzikwa. Kipo karibu na kituo cha basi, wataweza kunitembelea."

"Huko?"

"Huku."

Mwanamke wa kwetu kuzikwa kwenye ardhi ya kununua, katikati ya watu asiowajua. Nilitazama kupitia mlango wangu, ng'ambo ya barabara.

"Na Hetutu je?"

"Hetutu nimempandia maua." Alisema taratibu, kama mtu aliyelifikiria jambo mara nyingi. "Nilimwambia yule mama wa nyumba ya wageni anipe kitu kisichohitaji mtu. Nilijua tangu siku ile kwamba sirudi. Ningekuambia ungelia, na mimi ningeshindwa kupanda ndege."

"Na mimi ulinipandia nini?"

Ilinitoka hivyo hivyo. Ligi akageuza uso akamwambia mtu apunguze moto wa jiko. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Yanapendeza bado?" akauliza.

"Yamefunika kaburi lote," nikasema. "Hulioni hata jiwe."

Akashukuru. Tukaagana. Ruhusa sikuiomba.

Nikampigia Lapati nikamwambia aje kesho.

"Kesho Jumapili, Shangazi."

"Jumatatu basi. Mapema. Na usiniletee ule uso wako."

Alikuja, akapiga dawa, akaenda zake. Baada ya wiki mbili majani yote yalikuwa ya kahawia na mimi nikayakokota kwa reki na kuyachoma. Kaburi likatokea, na miwani ya kuzamia ya Hetutu, aliyowekewa siku ya maziko, bado imekaa juu ya saruji. Kulia kwake ikatokea ile nafasi ya mtu mmoja ambayo Ligi aliizungushia mawe mwaka alipofiwa, akaniambia mle ndimo mwake na nisithubutu kumtangulia. Nilikaa chini pale nikalia kwa sauti. Hapakuwa na wa kunisikia, kwa hiyo nililia mpaka nikachoka.

Dawa haikuyamaliza. Lapati anasema mizizi itachipua miaka na miaka, lazima awepo mtu. Kila Jumamosi navuka barabara na kisu, nang'oa kwa Hetutu, kisha nang'oa kwenye ile nafasi tupu. Magimbi yangu yameanza kunenepa. Kwenye uwanja wa ndege siku hizi naenda mara moja moja, kusalimia watu.

Ligi hupiga simu. Tunazungumza bei ya samaki, wajukuu, nani kafa. Nimeshaandaa jibu: akiniuliza habari za maua, nitamwambia yanastawi na hayana taabu kabisa. Hajauliza tena.