Presha Imeshuka

Kwa miaka mingi mume wangu alikuwa na presha ya kupanda, na kwa miaka hiyo yote nilipika bila chumvi. Watoto walihama nyumbani wakiamini kwamba maharagwe ndivyo yalivyo. Kisha presha ikaanza kushuka. Kliniki ya mtaani ikampunguzia vidonge, baadaye ikaviondoa kabisa. Mimi ni mwalimu wa hesabu, sijisifu bila ushahidi, na ushahidi ulikuwepo: kila asubuhi nilimfunga kitambaa cha mashine mkononi, namba ikatoka, nikaitangaza. Jirani yetu, mwenye duka la vifaa vya umeme, aliipata kabla sijafika shuleni.

"Mama, tufundishe basi hiyo siri."

"Chumvi," nilimjibu. "Acha chumvi."

Mume wangu ni kinyozi. Vidole vyake vilipoanza kufa ganzi tulisema ni kazi, maana mashine ya kunyolea hutetemeka mkononi siku nzima. Kisha kope zake zikapata michubuko ya zambarau bila kujigonga popote. Wateja walifurahi sana.

"Kinyozi, shemeji amekuchapa tena?"

"Nilichelewa kuleta maziwa," alijibu, akimzungusha mteja kwenye kiti. "Na nyie chelewesheni, mtaona."

Miguu ilipovimba, na kizunguzungu kikawa kinamshika kila akiinuka, tulipelekwa hospitali kubwa. Walichukua damu, mkojo, uboho wa ndani ya mfupa, na mafuta kidogo ya tumboni kwa sindano.

Daktari alikuwa mdogo kuliko binti yetu wa kwanza. Alieleza kwamba seli fulani ndani ya uboho zilikuwa zinatengeneza vipande vya protini vilivyojikunja vibaya, na vipande hivyo vinaganda ndani ya viungo hadi viungo vinakakamaa. Ganzi, kope na miguu vilikuwa jambo moja. Ugonjwa unaitwa amiloidosisi.

"Ana nafasi gani?" niliuliza.

"Mwalimu ameanza kusahihisha," alisema mume wangu.

Daktari alimgeukia yeye. "Unataka kusikia, baba?"

"Huyu asiposikia, mimi sitalala. Sema tu."

Alisema kinachoamua zaidi ni moyo. Vipimo viwili vya damu huonyesha moyo umeumia na kuelemewa kiasi gani, na vyake vyote viwili vilikuwa juu. Cha tatu ni wingi wa vile vipande kwenye damu, navyo vilikuwa vingi. Ukijumlisha, alikuwa hatua ya nne, na ya tano haipo. Zamani wengi waliofika hapo hawakumaliza mwaka. Dawa za sasa ni bora, lakini zinahitaji muda ili zifanye kazi, na haikujulikana kama moyo wake ungezipa muda huo.

"Hakuna kinachohesabika upande wake?"

"Kipo. Vipande vikishuka haraka mwezi wa kwanza, hesabu inabadilika."

"Na presha," nikasema. "Presha yake imeshuka vizuri. Bila dawa."

Daktari aliweka kalamu chini. "Hiyo nayo tunaihesabu, mama. Ikiwa chini ya mia moja inakaa upande mbaya. Moyo umekakamaa, haujai damu inavyotakiwa, na neva zinazoshikilia presha zimeguswa. Leo ana tisini na sita."

Nilitazama bomba la kunawia mikono. Lilikuwa la kufunguliwa kwa kiwiko.

"Kwa hiyo chumvi ruksa?" aliuliza mume wangu. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye matumaini ya kweli.

"Hapana, baba. Endelea kuiacha. Inavuta maji, na miguu imeshavimba."

"Basi nimeonewa pande zote."

Daktari alicheka. Mimi nilicheka baadaye kidogo.

Alichomwa sindano ya kwanza ya dawa wiki hiyo. Saluni kwake akawa anakaa kwenye kiti cha wateja na kumwelekeza msaidizi wake kwa kidole. Asubuhi niliendelea kumpima. Zamani sikuwahi kujiuliza namba ile itamkwe kwa sauti gani.

"Nimepata ngapi, Mwalimu?"

"Tisini na nne."

"Darasani kwako ningekuwa wa kwanza."

"Ungekuwa wa kwanza," nikasema, nikamfungua kitambaa.

Mwezi ulipokwisha tulirudi kwa majibu. Vipande vya protini vilikuwa vimeshuka hadi chini ya sehemu ya kumi ya vilivyokuwa. Daktari alionekana kufurahi kweli. Vipimo vya moyo vilikuwa palepale.

"Moyo huchelewa," alisema. "Unaweza kuchukua miezi mingi kabla haujapata nafuu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo jambo moja limehamia upande wenu. Mengine bado."

Nilingoja nisikie furaha au hofu. Sikusikia chochote. Niliuliza tarehe ya sindano inayofuata.

Tulipofika nyumbani jirani alikuwa mlangoni pa duka lake, akikunja waya. Tulikuwa tumemwambia tu kwamba mzee ana tatizo la damu. Mume wangu alimpungia mkono akapita, huku mkono mwingine ukifuata ukuta.

"Mama, presha ya mzee inasemaje?"

"Iko chini."

"Hongera! Mimi chumvi imenishinda kabisa."

"Asante," nilimwambia, nikaingia kuinjika maharagwe.