Bi Tamima Hakuandikiwa Salamu

Saa saba mchana Geeta alifunga mlango wa mbele wa duka lake la kupiga chapa na kutoa fotokopi, Mtaa wa Libya, Mchafukoge, ili ale chapati zake kwa amani. Sophia, mpiga chapa wake, alibaki kwenye mashine akimalizia tusi. Lilikuwa tusi refu, la nguoni, na alipolisoma aliona bado halijakaa sawa, akamwingiza na mama mzazi.

"Nani anatukanwa leo?" aliuliza Geeta, mdomo umejaa.

"Bwana Makame. Bi Tamima anamjibu."

"Afadhali. Yule mwanamke mimi ananichosha."

Mji mzima alikuwa ameuchosha, na mji mzima ulikuwa haumkosi. Kila Alhamisi jioni redio ilileta mchezo wa *Ukuta Mmoja*, na humo Bi Tamima alikuwa mke wa Bwana Makame. Bwana Makame akisema anauza kitanda, Bi Tamima alisema, "Haya, baba." Akisema anaoa mke wa pili, "Haya, baba." Akisema huyo wa pili ndiye atakayelala chumba cha mbele, haya, baba, tena kwa sauti tamu kama anakaribishwa pilau. Wanawake wa Kariakoo walimsikiliza huku wanauma vidole, na mchezo ukiisha walibaki wamenuna mpaka usingizi uwachukue.

Ndipo Sophia akaanza kumwandikia majibu. Hakujisumbua na mwanzo. Nani hapa mjini alikuwa hajui mambo yalikoanzia? Alianzia pale pale redio ilipoachia, Bi Tamima anafungua mdomo, na aliishia pale anapoufunga. Katikati ni matusi matupu. Geeta alitoa kopi, akazibana pini, na karatasi zikaenda zake saluni za Kariakoo, wanawake wakazisoma wakicheka mpaka rola zinawadondoka kichwani. Ilikuwa miaka ya ruksa. Mitumba iliingia, redio kaseti za Dubai ziliingia, ghorofa zilichomoza kila mtaa, na matusi nayo yakapata nafasi yake kama bidhaa nyingine.

Sophia mwenyewe alikuwa hajawahi kumtukana hata paka. Alikuwa ameachika, amerudi kwao Mtaa wa Narung'ombe kumtunza mama yake, Bi Maimuna, kwenye nyumba ya Kiswahili iliyoachwa na marehemu baba. Marehemu, roho ilipokuwa inamtoka, alisema neno moja tu la maana: "Maimuna asihamishwe." Kichwa chake kilikuwa mapajani mwa mdogo wake, Mzee Zahoro, na Mzee Zahoro aliitikia kwa sauti, watu wanasikia. Sasa Abdulkadiri, kaka yake Sophia, alikuwa amepata mnunuzi. Nyumba ingevunjwa, ghorofa ingepanda, chini zingekuwa fremu za maduka, na mama angepangishiwa chumba Mbagala, kwenye hewa nzuri. Kikao cha ukoo kilikuwa Jumapili baada ya Alasiri.

Basi wiki ile Sophia aliandika kipande kipya: Bi Tamima anamkuta shemeji yake anauza nyumba. Alikipiga chapa kwa vidole vya hasira, majina akiyaweka ya kwao wenyewe, na alipomaliza alihisi mwili mwepesi, akaenda zake nyumbani.

Uani alimkuta Bi Tamima amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Amejifunga kanga mbili zilizofuliwa sana, na kisigino kimoja kimepasuka.

"Mgeni wako huyu, yule wa redioni," alisema Bi Maimuna kutoka kwenye mkeka wake. "Nimemkaribisha, kanitukana. Nimemwambia marahaba."

"Karibu, Bi Tamima," alisema Sophia.

"Mwanaharamu mkubwa we," alijibu Bi Tamima kwa upole, akamsogezea kigoda akae.

Hapo Sophia aliliona kosa lake, na lilimwingia kifuani kama pini. Hakumwandikia salamu. Hakumwandikia asante, wala pole, wala naomba maji. Alidhani hayo anayo tayari, kumbe mtu huondoka na kile tu alichofungiwa. Maskini ya Mungu, kinywa kizima na hakuna humo neno hata moja la kumwombea mtu kiberiti.

Bi Maimuna, ambaye katika maisha yake alikwishaishi na wakwe wa kila namna, alimzoea haraka. "Mshenzi" ya polepole ilikuwa chai tayari. "Mavi ya mbwa" ilikuwa nimeshiba, alhamdulillahi. Bi Tamima alimsugua mgongo bibi huyo kila asubuhi kwa dodoki, akimtukana kwa sauti ya chini kabisa, na Bi Maimuna alisinzia.

Majirani walikuja kumwona, maana mtu wa redioni akiingia mtaani si vizuri kumpita bila kumjulia hali. Sitara, wa nyumba ya pili, alileta sahani ya vitumbua. Alirudi nayo analia.

"Mtu nimempelekea vitumbua!" aliwaambia watu barazani. "Mwanamke mzima, mdomo kama choo cha sokoni! Redioni mbona ana adabu?"

Alhamisi jioni wote watatu walikaa karibu na redio. Bwana Makame aliingia, akakohoa, akasema, "Mke wangu, shamba la mama yako nimeliuza. Umesikia?" Halafu pakawa kimya. Redio ilitoa ule mvumo wake wa kawaida, kama mtu anakaanga kitu kwa mbali. Bi Tamima, pale mkekani, alikuwa anachambua mchicha. "Vizuri," alisema Bwana Makame, na mchezo ukaendelea.

Kesho yake Sophia alimuuliza Geeta kama ameona kitu.

"Kitu gani?"

"Bi Tamima hakujibu."

Geeta alifikiri. "Hakujibu? Mbona mimi naona ilikuwa kama siku zote."

Sophia aliwauliza na wanawake wa saluni mbili Mtaa wa Sikukuu. Hakuna aliyekuwa amegundua. Aliondoka pale machozi yanamlengalenga, na hakujua anamlilia nani.

Jumapili wanaume walikaa sebuleni kwenye mikeka, kahawa na kashata katikati. Wanawake walikaa ukumbini, nyuma ya pazia, kama ilivyo desturi ya nyumba ile tangu babu. Karibu na mlango, viatu amevua, alikaa dalali Melkiori, aliyekuja kwa niaba ya mnunuzi. Mzee Zahoro alikuwa ndiye msemaji. Alimsifu marehemu, akamsifu Abdulkadiri kwa kuona mbali, akasifu hewa ya Mbagala. Yeye mwenyewe alikwishaahidiwa fremu ya pembeni, ile inayotazama njia mbili, na hilo watu wote pale walilijua, pamoja na watoto.

Kisha akageukia pazia. Katika ukoo ule wanawake huulizwa kama anavyoulizwa bibi harusi siku ya ndoa: unaulizwa, unanyamaza, na kunyamaza kwako ndiyo kuridhia. Hakuna aliyewahi kukataa kwa sababu hakuna aliyejua sauti ya kukataa inatokea wapi.

"Wanawake," alisema Mzee Zahoro. "Mmesikia. Mmeridhia?"

Sophia alikuwa na maneno yake mawili: Mama hahami. Siku nzima alikuwa ameyashika ulimini. Yakakataa katakata kutoka. Akanyoosha mkono, akamfinya ubavuni Bi Tamima, aliyekaa kando yake.

Bi Tamima alifunua pazia.

"Mkundu wewe, Zahoro!" alisema, na ile sauti tamu ya Alhamisi ikajaa nyumba nzima. "Kaka yako kakufia mapajani. Kasema Maimuna asihamishwe, ukaitikia, mavi wewe, ukaitikia na machozi ukatoa! Leo fremu moja tu imekufumba macho? Na wewe Abdulkadiri, mwanaharamu usiye na haya, kitanda alichokuzalia mama yako bado anakilalia, unakiuza yeye yupo juu yake!"

Na mengine yakafuata, ambayo msimulizi hayaandiki kwa kuwastahi wasomaji. Yalitajwa maungo ya watu waliokufa zamani. Alitajwa mama yake Mzee Zahoro, mahali ambapo mama wa mtu hatajwi. Finjani ilimponyoka Mzee Zahoro, kahawa ikamwagika kwenye kanzu. Mzee mmoja aliziba masikio kwa vidole viwili na akasahau kuvitoa. Abdulkadiri alikuwa mweupe midomo. Hata dalali Melkiori alisimama, akavaa kiatu kimoja, akakaa tena.

"Mimi natoka bara," alisema, "na kwetu tunatukana. Lakini hivi, hapana."

Bi Tamima alifunga mdomo pale Sophia alipokuwa ameweka nukta, akarudi nyuma ya pazia, akakaa.

Sebuleni palikuwa kama pamepita maiti. Hakuna aliyeuliza mtu wa redioni amefikaje Narung'ombe. Wote walimtambua kwa sauti, na hilo lilizidisha msiba, maana walikuwa wakimheshimu. Ikaanza hoja. Je, mama yake Mzee Zahoro si ndiye bibi yake Abdulkadiri? Basi tusi limewapata wote wawili. Na Sophia je? Si bibi yake pia? Basi amejitukanisha mwenyewe. Bushiri, binamu aliyesoma chuo cha dini, alisema tusi la mgeni ni juu ya mwenyeji. Mwingine akapinga. Kahawa ikaongezwa. Hoja ilikwenda mpaka karibu na Magharibi, na ilikuwa nzuri, kila mtu alipata nafasi.

Ndipo sauti ya Bi Maimuna ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba.

"Lakini, shemeji, alichosema ni kweli."

Mzee Zahoro alifuta kanzu yake. "Ukweli tutautazama siku nyingine, shemeji," alisema kwa heshima. "Leo tuna suala la adabu."

Watu wakaitikia kwamba ni sawa. Ikaamuliwa kwamba upande wa wanawake umekosa na hauna tena la kusema kuhusu nyumba, kwa kuwa ulipopewa nafasi uliitumia kutukana. Sophia apeleke sahani ya halua kwa Mzee Zahoro na aombe radhi mbele ya watu. Abdulkadiri alilisogelea pazia. Alikuwa na sura ya mtu aliyeumizwa kweli, na kweli alikuwa ameumia.

"Dada yangu, mimi sina kinyongo," alisema. "Mama atahamia Mbagala mwisho wa mwezi. Umesikia?"

Sophia alifungua kinywa atoe yale maneno yake mawili.

"Haya, kaka," alisema.

Ilitoka tamu, laini, haina hata kikwazo. Yeye mwenyewe ilimshtua. Sebuleni watu walishusha pumzi. "Ndiye mtoto wetu huyo," alisema Mzee Zahoro, na machozi yakamlengalenga.

Walihama na pikapu. Bi Tamima alipanda juu ya godoro akiwa ameshika redio na jiko, akawatukana madereva kuanzia Kariakoo mpaka Mbagala, na baadhi yao walimpungia mkono kwa kuijua sauti. Nyumba ilivunjwa asubuhi moja. Ghorofa ilipanda, Mzee Zahoro akafungua duka la vitenge kwenye fremu ya pembeni, na biashara ilimkubali. Ile sahani ya halua aliipokea, na sahani hakuirudisha.

Mbagala hewa ilikuwa nzuri, haikuwa uongo. Ila Bi Maimuna kila alipotaka kuinuka kitandani alinyoosha mkono wa kushoto atafute ukuta wake, na ukuta wa chumba kile ulikuwa kulia. Mkono ulikaa hewani, ukingoja. Bi Tamima aliuona, akamkalia upande wa kushoto, na tangu hapo bibi akawa anainuka kwa kushika bega lake. Sophia aliendelea kwenda kazini kwa Geeta kila siku, akapiga chapa barua za maombi ya kazi na kadi za harusi. Vile vipande vyake aliacha. Kila alipoweka karatasi akataka kumwandikia Bi Tamima angalau neno asante, vidole vilikaa juu ya mashine vikawa havina la kufanya.

Alhamisi moja jioni walikaa tena watatu karibu na redio. Bwana Makame aliingia, akakohoa.

"Mke wangu, nimeona tuhame nyumba hii. Umesikia?"

"Haya, baba," ilijibu redio.

Sophia aliijua sauti ile. Aliijua kama mtu anavyojijua kwa kushika uso gizani. Ilikuwa yake.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Maimuna. "Amerudi kujibu. Tena leo kajibu vizuri kuliko zamani."

Bi Tamima alikuwa anamenya muhogo. Aliweka kisu chini. Akamtazama Sophia kwa muda mrefu, bila hasira, namna anavyotazamwa mgonjwa, halafu kwa mara ya kwanza tangu afike akamwita kwa jina.

"Sophia," alisema. "Mavi yako."

Sophia alitaka kumjibu. Alitaka sana. Redio ikaendelea, Bwana Makame akisema vizuri, vizuri, na Bi Tamima akaokota kisu chake akarudi kwenye muhogo.

"Haya," alisema Sophia.