Maji Yaliyopanda Treni

Alhamisi asubuhi Bijar alikuwa amechuchumaa shambani kwa dada yake Mahgul, akipima zamu ya maji. Bakuli la shaba lenye tundu huwekwa lielee kwenye beseni. Likizama mara tatu, zamu imekwisha, jirani anafunguliwa mfereji. Lilikuwa limezama mara moja tu treni ilipopiga honi nyuma ya kilima. Maji yakasimama mferejini, yakanyanyuka mpaka usawa wa kiuno cha mtu, yakashika njia ya stesheni.

"Yameondoka," alisema Mahgul.

"Yameondoka," alisema Bijar.

Yalianza mazoea hayo tangu reli iliporefushwa kuvuka jangwa, na kisima cha kunywesha injini kikachimbwa hatua arobaini juu ya chemchemi ya kijiji cha Sargaz. Mkuu wa stesheni aliyapakia daraja la tatu, akilalamika tu kwamba yanalowesha mabenchi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hao hawakuishi Sargaz! Ya huku yalijizoa yenyewe, na ngano ya Mahgul ikakauka ikiwa urefu wa shibiri.

Siku hiyo treni ilimleta Bwana Mkubwa, aliyetumwa kupima faida na hasara za reli ile. Alikaa kivulini stesheni, karani wake Karam Din, mtu wa Punjab, akimtafsiria. Waliyemwita ni Bijar, maana mgawa maji hasemi uongo. Akidanganya yeye, ndugu huchomana visu.

"Haya mzee, tuanze na faida," alisema karani.

"Mjukuu wangu Nazuk alioza mfupa wa mguu," alisema Bijar. "Kwa ngamia mpaka mji wa Quetta ni siku kumi na moja. Angefia njiani. Kwa treni alifika siku ile ile, na kila mwezi anarudi kwa daktari. Sasa anatembea." "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikatai."

"Na hasara?"

"Maji. Ageuke tu, atayaona. Hayo hapo kwenye foleni."

Bwana Mkubwa aligeuka. Maji yalikuwa yamesimama nyuma ya mwanamke mwenye mbuzi, yakisubiri mlango ufunguliwe.

"Yana adabu kuliko abiria wengi," alisema Karam Din. "Hayaparamii madirisha. Sasa mnataka nini?"

"Mfukie kisima cha injini. Mchimbe kingine mbali."

Karani na Bwana Mkubwa wakasemezana kwa Kiingereza.

"Anasema inawezekana, hata mwezi huu," alisema karani. "Ila injini husimama penye maji. Kisima kikihama, stesheni nayo inahama, siku tano kwa ngamia kutoka hapa. Huo mguu wa mtoto, mzee, sijui mtaubebaje."

Kilichomtia Bijar aibu ni kwamba alikuwa ameshaamua kabla karani hajamaliza kusema.

"Basi kiacheni," alisema.

Karam Din akamsomea karatasi. "Faida ya kwanza: reli inawaletea wanakijiji maji." Maana kila Jumatatu behewa la tangi lilishusha madebe mawili kwa kila nyumba.

"Lakini hayo ni maji yetu wenyewe!"

"Mzee wangu, yanashuka kwenye treni au hayashuki?"

"Yanashuka."

"Basi weka kidole hapa."

Bijar akaweka kidole.

Mahgul alikuwa akimngoja njiani. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yake.

"Ulipewa nafasi, Bijar."

"Sikuweza, dada."

"Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Nazuk ni damu yangu pia." Alikuwa akilia bila kujificha. "Lakini sikusamehe. Usinisalimie tena."

Jumatatu behewa la tangi likaja. Mahgul alijaza madebe yake, akaonja kwa kiganja. Ladha ilikuwa ile ile, ya udongo wa chemchemi yao. Alimpita kaka yake bila kumtazama. Nazuk, aliyekuja na babu yake kwa miguu yake mwenyewe, akamkimbilia.

"Bibi, nikusaidie."

Mahgul alisita, kisha akajitwika debe moja, la pili akamwachia kishikio cha upande mmoja. Bijar akawatazama wakienda na debe lao katikati ya ngano iliyokauka, mtoto akichechemea kidogo tu.