Jumapili Tatu za Oktoba

Katika wiki Evodius alikuwa na siku moja tu ya kupanda mlima, nayo ni Jumapili. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alilala saa nne nzima kwenye mashine ya kusafisha damu, maana huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu figo zake zigome. Jumamosi akichomolewa mirija saa tano asubuhi, wangeweza kuwahi ndege ya mchana, wakalala Uswisi, wakapanda treni ya mlimani Jumapili na kurudi London Jumatatu. Jumanne asubuhi ni lazima awe tena kwenye mashine. Placida, mkewe, alikuwa ameziandikia hospitali mbili za kule kuomba nafasi ili wapate siku zaidi. Moja ilijibu kwamba imejaa mpaka mwaka mpya. Ya pili haikujibu kabisa.

Treni yenyewe ilikuwa ya reli ya meno. Evodius alisomea ufundi wa njia ya reli Tabora, na siku moja mwalimu wao alichora ubaoni gurudumu lenye meno linalong'ata reli ya katikati, ili treni ipande mahali ambapo treni ya kawaida ingeteleza na kurudi nyuma. Darasa zima lilidhani anawatania. Placida alikuwa ameisikia habari hiyo tangu enzi za uchumba, na binti yao Irene, aliyekuwa akifanya kazi Manchester, aliweza kuisimulia kwa kuiga sauti ya baba yake. Kwa hiyo mwezi Septemba daktari aliposema hali ya mgonjwa imetulia na anaweza kusafiri siku chache, hapakuwa na mjadala waende wapi.

Tatizo lilikuwa anga. Treni ile husimamishwa msimu wa theluji ukikaribia, na kabla ya hapo zilibaki Jumapili tatu tu. Tarehe ya safari iliweza kusogezwa mbele, mwisho wa kufanya hivyo ukiwa Ijumaa ya wiki hiyo saa kumi na mbili jioni. Ikipita hapo, unaenda ama huendi.

Placida alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapo hapo Thornton Heath, mtaa wao wa London. Kila alipomaliza kumlisha mzee mmoja kabla hajaenda kwa mwingine, alitoa simu mfukoni. Alikuwa na utabiri wa aina tatu, na ilikuwa nadra zote tatu kukubaliana. Mmoja ulionyesha jua, mwingine jua lililojificha nusu, wa tatu matone. Kulikuwa pia na kamera iliyofungwa kileleni, inayotuma picha kila baada ya dakika kumi. Mara nyingi picha ilikuwa nyeupe tupu, kama shuka.

Jumapili ya kwanza utabiri wote ulisema mvua. Akaahirisha, na kweli ikanyesha kutwa. Placida alijisikia kama mtu aliyefaulu mtihani.

Jumapili ya pili ilianza vizuri. Jumatatu utabiri ulisema jua, Jumanne jua, Alhamisi jua. Akabadilishana zamu na mwenzake, akafungasha begi moja dogo, dawa za Evodius juu kabisa. Ijumaa saa tisa alasiri, akiwa jikoni kazini, akafungua simu: mawingu mazito, upepo mkali, uwezekano wa kuona mbali mdogo sana. Alizima simu, akaiwasha. Mawingu. Akamkumbuka Evodius akitembea kutoka kituo cha basi, jinsi anavyosimama kila baada ya nyumba mbili kuvuta pumzi. Amburute mtu huyo mpaka Uswisi akatazame ukungu? Saa kumi na moja na dakika hamsini akasogeza tarehe. Evodius akaambiwa Placida alipofika nyumbani.

"Sawa, Mama Irene," alisema. "Wewe ndiye unayejua mambo ya simu."

Jumapili asubuhi Placida alikuwa akikoroga uji, akafungua ile kamera kwa mazoea tu. Anga ilikuwa ya buluu kutoka pembe mpaka pembe. Vilele vilisimama kimoja nyuma ya kingine, vimenyooka, na chini yake treni ndogo nyekundu ilikuwa inaingia kituoni. Watu walikuwa wamevaa miwani ya jua. Alitaka kuifunika simu kwa kiganja, lakini Evodius alikuwa ameshasimama nyuma yake.

Alitazama muda mrefu.

"Nisamehe, Baba Irene. Walisema mawingu. Wote watatu walisema."

"Nimeona."

"Ningejuaje?"

Evodius akavuta kiti, akaketi taratibu. "Lakini hata kama mawingu yangekuwepo," alisema, "treni ingeondoka?"

"Ingeondoka. Treni inaondoka tu. Ila tusingeona kitu."

"Nani alikwambia nataka kuona?" Hakupandisha sauti. "Milima nimeiona kwenye kalenda. Mimi nilitaka kukaa mle ndani niyasikie yale meno yakishika reli. Kwenye ukungu yanashika vilevile."

Placida alibaki na mwiko mkononi. Wiki tatu amehangaika na jua na upepo, na swali moja tu, anataka nini, hakuwahi kumuuliza. Uji uliungua, hakuna aliyeuepua motoni.

Wakakubaliana: Jumapili ya tatu, ya mwisho, wanakwenda. Mvua, upepo, theluji, wanakwenda. Placida alifuta utabiri wote kwenye simu. Wiki ile Evodius alichangamka. Alinyoa ndevu katikati ya wiki, akampigia Irene simu na kumweleza tena kuhusu gurudumu, kana kwamba ni habari mpya.

Jumamosi walikwenda kwenye mashine na begi lao. Jasmeet, muuguzi aliyemzoea Evodius tangu siku ya kwanza, alilisogeza chini ya kitanda na kumtania kwamba mwenzao leo ana haraka. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Saa ya tatu Evodius akasema anasikia baridi. Placida alimwangalia, akaona midomo imekuwa ya kijivu. Jasmeet alishafika, akalaza kitanda kichwa chini miguu juu, akafunga vitu na kufungua vingine, akamwita daktari. Presha ilikuwa imeporomoka. Ikapanda kidogo, ikaporomoka tena.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema moyo haupigi anavyotaka, watamlaza waufuatilie.

"Tuna ndege saa nane," Placida alisema.

"Haiwezekani, mama."

"Ni siku mbili tu. Jumatatu tumerudi. Nitakuwa naye muda wote, mimi ni mtunza wagonjwa."

"Mama, hawezi kupanda ndege. Hawezi hata kusimama."

Placida akamgeukia Jasmeet, kana kwamba huyo angeweza kutengua neno. Jasmeet alimshika bega, akaliacha, akarudi kwenye mashine.

Jumapili saa tatu na dakika ishirini asubuhi, ambayo kule Uswisi ni saa nne na dakika ishirini, Placida alikuwa amekaa kando ya kitanda wodini, koti bado mwilini. Evodius aliangalia saa ya ukutani mpaka mshale ukavuka.

"Imeondoka," alisema.

"Imeondoka."

"Wanafungua tena lini?"

"Mei."

Akawa anahesabu kwa vidole juu ya shuka, polepole, akafika kwenye saba, akasita, akaanza upya. Placida alitaka kumwambia kwamba Mei si mbali. Lakini daktari alikuwa amemwambia nje mlangoni kwamba wataangalia siku kwa siku, na alipomuuliza maana yake nini, alirudia maneno yale yale.

"Maji," Evodius alisema.

Aliruhusiwa mafunda matatu tu. Placida akamwinulia kikombe, akayahesabu, akakiondoa angali anataka. Evodius hakulalamika. Alijifuta mdomo, akageukia upande wa ukuta, na Placida akabaki ameshika kile kikombe, asijue pa kukiweka.