Sistahili na Hastahili

Leo ni Ijumaa, tarehe 7 Juni, mwaka 2024. Ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi niliyejifunza herufi nikiwa tayari na wajukuu wawili.

Mama mkwe wangu amelala kitandani tangu Kwaresima. Koo lake lilikuwa limekataa kila kitu isipokuwa maji ya kijiko, naye alikuwa na ombi moja tu: apokee Ekaristi kabla hajafumba macho. Ijumaa tatu mfululizo mhudumu anayewapelekea wagonjwa Ekaristi alipita mlangoni petu, amemkumbatia Bwana kifuani katika kijaluba cha Hostia, akaingia kwa jirani, akarudi zake. Nilipomuuliza, alisema kwamba yeye hufuata orodha ya wagonjwa ya Mwenyekiti wa akina mama wa parokia.

Mwenyekiti huyu ni mcha Mungu wa kutazamwa. Padre anapoinua Hostia na sote tukakiri "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu", yeye hukiri kwa sauti ya tarumbeta, akijipiga kifua mpaka bangili zinalia. Ungedhani malaika huja kwake kuazima adabu.

Asubuhi nilimfuata katika chumba cha kushonea mavazi ya altare. Orodha ilikuwa juu ya cherehani. Mwaka jana ningeiona kama nyayo za kuku, leo niliisoma. Mbele ya jina la mama mkwe palikuwa na neno moja: hastahili.

"Kwa nini, Mama Mwenyekiti?"

"Mwenzangu, nilichungulia chumba chenu. Pazia limechanika, meza hamna, chumba kinanuka dawa. Bwana aingie humo, kweli?"

"Koo linafunga. Kesho huenda asiweze kumeza."

"Basi fanyeni haraka mtafute meza!"

Jamani! Mwili wa Bwana unaokubali kulazwa kila Jumapili juu ya ndimi zetu, ndimi hizi za umbeya, uje kushtushwa na pazia?

Nikamwambia, "Mwalimu wetu wa kisomo alitufundisha kwamba *si-* ni mimi na *ha-* ni yeye. Kanisani unasema *si-*, kwenye karatasi umeandika *ha-*. Umekosea herufi, mama, au umekosea mtu?"

"Kusoma kwenyewe umeanza juzi, leo unanisahihisha!"

"Ndiyo maana bado nasoma kila herufi."

Nikaichukua karatasi, nikaipeleka kwa padre. Aliisoma mara mbili, masikio yakamwiva. Hakuuliza habari za meza. Alikwenda kwenye tabenakulo, akatoa Hostia, kisha akaja nami kwa miguu.

Alimega kipande kidogo kuliko ukucha wa mtoto. "Mwili wa Kristo." Mama mkwe akasema "Amina" kwa midomo tu. Nikampa kijiko cha maji. Tulilitazama koo lake, sote wawili, hatukupumua. Likapanda, likashuka. Amemeza.

Ndipo Mwenyekiti akaingia akihema, amebeba kitambaa cha meza kilichopigwa pasi.

Mama mkwe akafungua jicho moja. "Karibu, Mwenye," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Kiti hakuna."

Padre aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Mwenyekiti alisimama na kitambaa chake, asijue akitandike wapi.

Wewe uliyeweza kusoma mpaka hapa, msomee mwenzako asiyejua kusoma. Huenda naye jina lake limo katika orodha ya mtu.