Dakika Arobaini

"Usicheke, unatuongezea uzito," seremala alisema kutoka upande wa miguu.

Mhudumu wa zahanati hakuwa akicheka. Alikuwa amelala chali juu ya machela, mkanda umempita kifuani, saa ya ukutani ameikumbatia kama mtoto mchanga, akitazama mawingu yakienda upande wao na yeye upande wake. Kilichotikisika ni machela. Miaka mitatu aliifuta vumbi kila Ijumaa, na hakuwahi kujua kwamba ukiilalia unasikia pumzi za wanaokubeba, moja moja, na unazionea haya.

"Kumbe kubeba ndoo kunanenepesha," mchoma mkaa akadakia.

"Basi kesho njoo uchukue mbili, labda na wewe utaonekana," mhudumu akamjibu.

Wabebaji walikuwa watatu, wa tatu akiwa kaka wa mhudumu. Mpango wa dharura wa zahanati ulisema wanne, lakini wa nne alikuwa kaburini mwaka wa pili sasa. Kila mwaka ofisi ya wilaya ilidai mpango, na kila mwaka Sista, muuguzi pekee wa zahanati ile, alimpa mhudumu karatasi ya mwaka uliopita ainakili na kubadilisha tarehe. Macho ya Sista yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na mwandiko wa mhudumu, ingawa shule aliishia darasa la saba, ulisomeka. Alinakili majina. Alimnakili na marehemu. Alinakili mstari wa tisa: kutoka zahanati hadi barabara kuu, dakika arobaini.

Mwaka huu mkono ulikwama hapo. Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa na mimba ya miezi saba, na uzazi uliopita alitoka damu mpaka midomo ikawa rangi ya majivu. Zahanati haikuwa na damu ya kumwongezea mtu. Gari la wagonjwa nalo liliishia barabara kuu, ng'ambo ya mto.

"Sista, arobaini hizi alizipima nani?"

"Bwana afya aliyekuwepo kabla yangu." Sista alifikiri kidogo. "Alikuja na pikipiki. Ilikuwa kiangazi."

Ndiyo sababu leo alijifanya mgonjwa, aipime njia kwa saa. Waliondoka saa moja na nusu asubuhi. Kwenye mteremko wa mawe walimshusha mara mbili, wabadilishane mabega. Mtoni maji yalifika kwenye mashavu ya miguu tu, hata hivyo seremala aliteleza, goti likagonga jiwe, na mhudumu akaona anga likiinama upande mmoja. Hakuna aliyetania tena. Machela ilipotua kando ya lami aliigeuza saa aisome. Saa tatu na dakika arobaini.

"Na hapo huumwi," kaka yake alisema, akikamua suruali bila kumtazama. "Na mvua hazijaanza."

Mchana ule Sista alisikiliza yote akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha kuzalia, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja na amempa mhudumu aandikie.

"Andika arobaini," alisema.

"Ni mia na thelathini, Sista."

"Nimesikia. Zahanati iliyo zaidi ya saa moja kutoka kwenye gari hairuhusiwi kuzalisha. Ukiandika hiyo watakuja kuchukua kitanda hiki. Wifi yako atazalia wapi, jikoni?"

"Labda wataleta gari huku. Au daraja."

Sista alicheka bila kufungua mdomo. "Mwanangu, nina miaka kumi na tisa hapa. Wale huwa wanakuja kuchukua." Kisha akausogeza muhuri mezani mpaka ukagusa vidole vya mhudumu. "Mwandiko ni wako. Mimi sioni vizuri."

Mhudumu alikaa na kalamu mpaka wino ukakauka kwenye ncha. Akailamba. Akaandika mia na thelathini, kwa tarakimu na kwa maneno, akagonga muhuri.

Walikuja baada ya wiki tatu na gari lililopitia njia ya mzunguko, mwendo wa siku nzima, wanaume wawili wenye adabu. "Ni kwa usalama wa akina mama," mmoja alisema, ameshika miguu ya kitanda kama ya mbuzi. Waliacha barua: mjamzito akitimiza miezi minane, akangojee jirani na hospitali.

"Nikakae mwezi mzima kwa watu," wifi yake alisema, akichambua mboga. "Hawa watoto watatu nimwachie nani? Wewe uliyeolewa na ndoo?"

Utani wao ulikuwa wa siku zote, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

"Umeniondolea kitanda, wifi," akasema, taratibu, kama anayemwonyesha uchafu kwenye nguo.

Mhudumu aliondoka akapita nyumba hadi nyumba na karatasi yake ya wabebaji. Alimfuta marehemu. Alipata jina la nne, la tano, mpaka la nane. Wengine waliitikia wakiwa wameinamia kazi zao. Mbele ya zahanati akaning'iniza rimu kuukuu ya gari, wakakubaliana: ikilia mara tatu ni machela, aache kila mtu alichoshika.

Mvua zilianza Jumatatu. Alhamisi asubuhi, mhudumu alikuwa akideki chumba kilichokuwa cha kuzalia. Alama nne za miguu ya kitanda hazikutoka sakafuni, alikuwa amezoea kudeki pembeni yake. Nje mtu akapiga hodi, sauti ndogo isiyofanana na mwenyewe.

Wifi yake alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Maji yalimchuruzika kutoka kwenye kanga, na chini, kwenye nyayo zake, hayakuwa maji matupu.

"Usinitazame hivyo," wifi alisema. "Chukua machela yako."

Sista alikuwa tayari ameshamshika kwapani. Mhudumu aliitungua machela, akaitungua na saa: saa tatu kasoro dakika tano. Alitoka kwenye mvua, akaokota chuma cha kugongea, akaipiga rimu mara tatu. Kisha akashusha mkono, akasimama kusikiliza ni milango mingapi itafunguka.